Nyundo ya Mtani

Rajabu alipoingia uani asubuhi ile, unga ulikuwa bado umemganda kwenye nyusi, na mkono wake wa kulia ulikuwa umezungushiwa kitambaa. Alipita bila kumwamkia mtu, akaingia chumbani, akajilaza kitandani na shati lake la kazi.

"Mkono umefanya nini?" aliuliza mkewe, Sitara.

"Tanuri."

"Tanuri limekufuata, au wewe ndiye uliyelifuata?"

"Nilisinzia, Sitara. Nilisinzia nimesimama. Moto ndio ulioniamsha."

Sitara alikaa ukingoni mwa kitanda akaanza kukifungua kile kitambaa. Kilikuwa kimeshikana na ngozi, kwa hiyo alikilowesha maji kidogo kidogo, akisubiri kilainike. Kabla hajafika kwenye kidonda, nyundo ilianza kule uani. Ta, ta, ta, kisha kimya kidogo, kisha ta, ta, ta tena. Rajabu alifumba macho kama mtu aliyepigwa.

Mpigaji alikuwa Seifu, fundi bati, mpangaji wa chumba cha pili. Kazi yake ilikuwa kuyapasua madebe matupu ya mafuta ya taa, kuyanyoosha, na kuyafanya koroboi na mikebe iliyouzwa hapo hapo Kariakoo. Fuawe lake, chuma cha kupondea bati, lilikaa chini ya ukuta wa chumba cha Rajabu kwa sababu kivuli cha asubuhi kilikuwa hapo. Ukuta wenyewe ulikuwa wa miti na udongo, na kama kuta za nyumba zote za mtaa ule, haukufika juu. Palibaki nafasi kati yake na paa ili hewa ipite, na pamoja na hewa kilipita kila kitu kingine.

Sitara alijifunga kanga ya pili akatoka.

"Shemeji Seifu, mwenzio kaungua mkono. Mwachie japo mpaka adhuhuri."

Seifu alishusha nyundo. Alikuwa mtu mwenye kifua kipana na uso usiojua kununa. "Kaungua? Basi leo tunakula Mnyamwezi wa kuchoma. Waridi, lete chumvi na limau."

Waridi, mkewe, aliyekuwa akipepeta mchele, alicheka mpaka ungo ukayumba. Mzee Sadalla, muuza samaki, aliyekuwa amerudi kutoka Feri na kapu lake, akaongeza bila kuinua macho kutoka kwenye magamba aliyokuwa akiparua: "Msimle bado. Nyama ya bara ngumu, ichemsheni kwanza."

"Nasema kweli, shemeji," alisema Sitara.

"Na mimi nasema kweli. Chumvi iko wapi?"

Na nyundo ikarudi kazini, safari hii kwa mwendo wa ngoma, Seifu akiimba kwamba Mnyamwezi amelala na jua limemcheka. Ua mzima uliitikia.

Ingekuwa kosa kusema kwamba watu wale walikuwa wabaya. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani hutukana mtani wake mbele za watu, huchukua chake bila kuomba, humcheka hata msibani, na yule anayekasirika ndiye mwenye aibu. Isitoshe, mlango wa utani ule aliufungua Rajabu mwenyewe. Siku alipohamia, kabla hata ya kutua mkeka, alikwenda moja kwa moja kwenye chungu cha Waridi, akachomoa kipande cha muhogo, akala, akasema: "Tangu lini Mzaramo akala na bwana wake ana njaa?" Seifu alimkumbatia kama ndugu aliyepotea. Tangu siku hiyo nyumba ile ilijulikana mtaa mzima kwa vicheko.

Lakini wakati ule Rajabu alikuwa akikanda unga mchana na kulala usiku kama watu wote. Baadaye Marcelino, Mgoa mwenye tanuri la mikate kule Uhindini, alimpandisha akamweka kwenye moto. Kazi ya moto ni ya usiku. Mikate lazima iwe tayari kabla wapagazi wake hawajaanza kuzungukia nyumba za Wazungu na mahoteli. Rajabu alipewa kofia nyeupe na heshima kidogo, na kwa kubadilishana na hivyo akapoteza usingizi.

* * *

Mume na mke walizungumza kwa kunong'ona, maana ukuta ule ulipitisha sauti huku na huku.

"Mwambie," alisema Sitara. "Mkalishe chini umwambie kama mtu mzima. Mwambie Mgoa amekuonya."

"Amenionya mara mbili."

"Mara mbili? Mimi uliniambia moja."

Rajabu aligeukia ukutani. "Mara ya pili ni jana. Mikate ilitoka na mgongo mweusi. Alichukua mmoja akaugonga kwenye meza mbele ya wote. Akasema, sikiliza, huu ni mkate au ni tofali? Wakacheka. Akasema tofali la tatu nikajengee nyumbani kwangu."

"Basi mwambie Seifu hayo hayo."

"Nimwambie mtani kwamba nimeshindwa? Atanitungia wimbo."

"Atunge. Lakini atakuwa amesikia."

"Wewe hujui utani, Sitara. Mama yako ni mtu wa Kilwa. Ukishamwambia mtani wako acha, inauma, umekwisha. Utaitwa mtoto mpaka kaburini."

Sitara alimtazama mgongo. Alitaka kusema kwamba mtoto hulala mchana na hakuna anayemcheka, lakini aliona alivyochoka, akamvutia shuka mabegani.

Mchana Rajabu aliinuka, macho mekundu, akatoka uani mwenyewe. Alisimama mbele ya fuawe, na kwa muda mfupi uso wake ulikuwa uso wa mtu anayetaka kusema jambo. Seifu alimwangalia, nyundo mkononi, akisubiri. Waridi naye alisubiri.

"Ninyi Wazaramo," alisema Rajabu hatimaye, "mkikosa ngoma mtapiga hata matumbo yenu."

Kicheko kilichozuka kilisikika mpaka njiani. Seifu aliinua shati lake akalipiga tumbo mara mbili kwa kiganja, kisha akaurudia ule mkebe kwa nguvu zaidi. Rajabu alicheka pia. Alicheka akirudi chumbani, akacheka mpaka alipoufunga mlango. Halafu akakaa chini na kichwa mikononi.

* * *

Nyumba ile ilikuwa mali ya Bibi Badriya, mama wa Kiarabu aliyekuwa na duka pembeni mwa barabara. Sitara alikwenda kwake kesho yake, amevaa buibui lake jema. Alisubiri mteja wa sukari aondoke, akasubiri wa mafuta, na kila alipofungua kinywa aliingia mwingine na Bibi Badriya akamwonyesha kwa mkono asogee kando.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Bado uko hapa? Nilidhani umekuja kununua."

"Nimekuja kuomba, Bibi. Mume wangu analala mchana, na fundi bati anapiga nyundo chini ya ukuta wetu. Ungemwambia asogee upande wa choo, wewe ni mwenye nyumba, atakusikia."

Bibi Badriya alifuta mizani kwa kitambaa. "Upande wa choo kuna jua."

"Ndiyo, Bibi."

"Unataka nimweke fundi juani ili mpika mikate alale kivulini?" Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepima kitu. "Mwanangu, ninyi kule mnatukanana kutwa na mnachekeana. Nikiingia leo mimi, kesho mtapatana na mimi ndiye nitakayekuwa Mwarabu mbaya. Mambo yenu ya utani yamalizeni wenyewe."

Alinyoosha mkono kwenye rafu, akachomoa pamba kidogo kutoka kwenye bunda, akaiviringa, akampa Sitara. "Atie masikioni. Hiyo nimekupa."

Wateja wawili waliosikia walitabasamu. Sitara alishukuru, kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akatoka na ile pamba ndani ya ngumi yake kama mtu aliyeshika kitu cha aibu. Rajabu aliijaribu. Nyundo ilipita ndani ya pamba kama maji yanavyopita ndani ya kitambaa.

* * *

Ndipo Sitara alipofanya jambo ambalo yeye mwenyewe hakulitarajia. Alfajiri, Seifu alipokwenda msikitini, aliichukua nyundo juu ya fuawe akaificha ndani ya pipa la nguo.

Kwa desturi hakuwa amekosa. Mke wa mtani ni mtani, na cha mtani huchukuliwa. Seifu aliporudi na kuikosa alipiga kelele za furaha. "Nimeibiwa na Wanyamwezi. Mashahidi mpo. Mzee Sadalla, andaa baraza."

Asubuhi ile ikawa kimya. Rajabu alilala. Alilala chali, mdomo wazi, mkono wenye kidonda umening'inia nje ya kitanda, na Sitara alikaa mlangoni akimtazama kama mtu anavyotazama mvua baada ya kiangazi. Hata alasiri ilipoingia hakutikisika. Usiku ule mikate ilitoka ya rangi ya asali, na Marcelino alipita mbele yake bila neno, jambo ambalo kwa Marcelino lilikuwa sifa.

Lakini nyundo ya mtani hukombolewa kwa fidia, na mwenyewe akija kuikomboa haizuiliwi. Jioni ya siku ya pili, muda mfupi kabla Rajabu hajaondoka kwenda kazini, Seifu alikuja na sinia la nazi na vitumbua, Waridi nyuma yake akipiga vigelegele, na nusu ya mtaa ikamfuata kuja kuona. Walisimama mbele ya mlango.

"Hodi kwa mwizi wangu."

Sitara alitoka. Hakuwa na nyundo mkononi.

"Fidia hii haitoshi," alisema.

Watu walicheka. "Ongeza, Seifu."

"Ongeza nini? Nimeleta nazi mbili. Mnyamwezi hajui hata kuzifua."

"Haitoshi," alisema Sitara tena, na sauti yake haikuwa na mchezo ndani yake.

Waridi alikuwa wa kwanza kusikia. Vigelegele vilimkauka. Alimsogelea Sitara karibu mpaka nyuso zao zikakaribiana, akauliza kwa sauti ya chini, ambayo hata hivyo wote waliisikia kwa sababu walikuwa wamenyamaza: "Mwenzangu, hili ni la utani au la kweli?"

Swali hilo halikuwa limewahi kuulizwa katika ua ule. Mzee Sadalla aliacha kutafuna. Seifu alishusha sinia taratibu, akimtazama Rajabu aliyekuwa amesimama kizingitini na kofia yake nyeupe. Sitara naye aligeuka akamtazama mumewe. Hakumwambia kitu. Alimsubiri tu.

Rajabu aliwaona wote. Aliwaona majirani wa nyumba ya pili, na watoto waliopanda juu ya ukuta wa ua, na uso wa Seifu ambao kwa mara ya kwanza haukuwa unacheka.

"La utani, bwana," alisema, akatoa kicheko. "La utani. Mnawaogopa wanawake?" Akaingia ndani, akaitoa nyundo kwenye pipa la nguo, akamtupia Seifu. "Chukua ngoma yako. Nazi nazichukua."

Ua ukapumua. Watu wakacheka zaidi ya kawaida, kama watu waliokoswa na gari. Waridi peke yake ndiye aliyeendelea kumtazama Sitara, na Sitara hakuinua macho.

Rajabu alipotoka kwenda kazini, mkewe hakumsindikiza mpaka njiani kama kawaida yake.

"Ulifunguliwa mlango," alimwambia. "Ukaufunga kwa mkono wako."

* * *

Asubuhi moja, kabla hata wiki haijaisha, Rajabu alirudi mapema kuliko siku zote na kichwa wazi, bila ile kofia nyeupe. Alimweleza Sitara mlangoni yaliyompata, lakini hakuingia chumbani. Alikaa chini kwenye udongo wa ua, kando ya fuawe, akaegemeza mgongo kwenye ukuta wake mwenyewe.

Seifu alikuwa ameanza kazi. "Karibu, bwana mkubwa. Leo umekuja kulala karibu na ngoma?"

Mbele ya Seifu na Waridi na Mzee Sadalla, Rajabu alianza kulia. Hakuuficha uso. Machozi yalipita kwenye unga mashavuni na kuacha michirizi.

Kulia kwa mtani kuna jibu lake. Msibani, mfiwa akilia, mtani wake hujitupa chini akamwigiza, akalia kwa sauti kubwa kuliko yeye, mpaka mfiwa acheke bila kupenda. Hiyo ndiyo huruma ya watani. Kwa hiyo Seifu aliitupa nyundo, akajibwaga udongoni kando ya Rajabu, akakamata kichwa, akaomboleza: "Uwii, mama yangu, mkate umeniacha, uwii, nani ataniozesha mkate mwingine." Mzee Sadalla alicheka mpaka akakohoa. Watu wakatoka vyumbani. Seifu alipoona watazamaji aliongeza, akajipaka udongo usoni, akagaagaa.

Rajabu aliendelea kulia, wala hakubadilika. Hakulia zaidi na hakulia kidogo.

Waridi ndiye aliyenyamaza kwanza. Kisha mwanamke wa chumba cha tano. Kisha Mzee Sadalla akaweka kisu chini. Seifu alibaki peke yake akiomboleza, na sauti yake, ilipokosa wa kuiitikia, ikaanza kumshtua mwenyewe. Aliinua kichwa.

Sitara alikuwa amesimama mlangoni. "Mgoa amemfukuza," alisema. "Alisinzia na mkono kwenye mlango wa tanuri. Mikate yote ya asubuhi imekuwa makaa. Halali, Seifu. Hajalala tangu apandishwe kazi. Na hilo ni la kweli."

Seifu alikaa vile vile udongoni. Udongo ulikuwa kwenye paji la uso na kwenye midomo.

"Mbona hukusema?" alimuuliza Rajabu mwishowe.

"Nilisema," alijibu Rajabu. "Nilisema nikicheka."

* * *

Seifu alioga, akavaa kanzu yake ya Ijumaa, akamwambia Rajabu amfuate. Walitembea mpaka Uhindini. Kwenye mlango wa nyuma wa tanuri waliambiwa wangoje. Walingoja wamesimama, kwa sababu benchi lilikuwa la wateja. Bibi Clotilda, mke wa Marcelino, aliwapita mara tatu akiwa na funguo zake kiunoni, akawatazama kama magunia yaliyoletwa kwa makosa.

Marcelino alitoka akijifuta mikono. "Wewe nimekwisha malizana nawe," alimwambia Rajabu. "Na huyu nani?"

"Naitwa Seifu, bwana. Mimi fundi bati. Nakaa naye nyumba moja. Mimi ndiye niliyekuunguzia mikate."

"Wewe? Mimi sijakuona humu ndani."

"Napiga nyundo ukutani kwake akiwa amelala. Yeye ameshika moto wako usiku, na mimi nimeshika usingizi wake mchana. Ukitafuta mwenye kosa, ni huyu hapa mbele yako."

Marcelino aliwatazama kwa zamu. Hakuwa mtu katili. Alikuwa mtu aliyekosa mikate ya kupeleka na kutukanwa na wateja watatu tangu asubuhi. "Na kwa nini ulikuwa unampigia nyundo? Adui yako?"

Seifu alifungua kinywa. Lingekuwa jambo rahisi kusema, mtani wangu. Neno hilo lingeeleza kila kitu kwa mtu yeyote wa pwani mpaka Tabora. Aliliangalia, akaliacha.

"Jirani yangu," alisema.

Bibi Clotilda, ndani, alisema kitu kwa lugha yao. Marcelino akamjibu, wakajibizana kidogo. Kisha akageuka. "Yule mwingine niliye naye hajui moto. Nitampa huyu wiki moja, Jumapili mpaka Jumapili. Mkate mmoja ukiungua, asirudi, na wewe usije na kanzu yako."

Rajabu aliinama kushukuru. Seifu aliinama pia, akainama chini zaidi.

* * *

Tangu siku ile ua ule ulikuwa kimya. Seifu alipata nafasi chini ya baraza la duka moja karibu na soko, mahali ambapo askari wa manispaa walimwondoa asubuhi na yeye akarudi mchana. Kila siku alibeba fuawe kichwani, na madebe begani, akaenda nayo na kurudi nayo. Waridi aliwakataza watoto kukimbia ukumbini. Mzee Sadalla aliparua samaki zake nje, kando ya mfereji. Rajabu alilala, kidonda kikakauka, na Jumapili ya Marcelino ilipita bila mkate mweusi hata mmoja, ikapita na nyingine.

Sitara alipokwenda kisimani, wanawake walimpisha. Walimwuliza hali ya mumewe kwa upole, wakamwambia Mungu amzidishie afya. Hakuna aliyemchukulia chumvi yake. Hakuna aliyemwita mwizi. Alirudi na ndoo imejaa, bila ya kumwaga tone.

Asubuhi moja Rajabu alirudi kutoka kazini, akakutana na Seifu kwenye kizingiti cha mlango wa mbele, fuawe likiwa kichwani juu ya kata ya matambara, shingo imekakamaa. Ukumbi ulikuwa mwembamba. Rajabu alijibana ukutani ili Seifu apite, na moyo wake ukaruka kwa furaha ya zamani.

"Haya, angalieni ulimwengu," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka uani. "Mzaramo na mzigo kichwani. Siku hizi ninyi ndio wapagazi wetu?"

Uani, ungo wa Waridi ulisimama. Mzee Sadalla aligeuza kichwa. Ilikuwa kejeli nzuri, maana wapagazi wa zamani walikuwa Wanyamwezi, na jibu lake lilikuwepo. Kila mtu katika nyumba ile alilijua, kila mtu alikuwa tayari kulicheka.

Seifu aliuweka mzigo sawa kwa mkono mmoja.

"Sabalkheri, Bwana Rajabu," alisema. "Poleni na kazi."

Akatoka, akashika njia ya soko.

Sitara alikuwa ameshatandika shuka. Alimwona mumewe akiingia, akikaa, akiangalia mikono yake.

"Nimekusikia ukimtania," alisema. "Amekujibu nini?"

Rajabu alijilaza akageukia ukutani.

"Amenisalimu."